Fungu Lililoondolewa Saa Nane

Swaumu alikuwa amelazwa kwenye mkeka ukumbini, nyumbani kwake Kisarawe, amefunikwa khanga mbili. Daktari wa wilaya alikwisha kusema ni pumu, na kwamba mtungi wa oksijeni uliomo kwenye gari la wagonjwa ungemwokoa.

"Shikamoo, mzee," Inspekta Laurensia alisema.

"Marahaba." Mwinyimadi, mume wa marehemu, hakuinua uso.

"Pole sana. Uliita gari saa ngapi?"

"Saa nane na dakika tano mchana. Akapokea dada mmoja, akaniambia gari linakuja. Na mimi nikamwambia mke wangu, vumilia, gari linakuja. Nilimwambia hivyo mpaka akanyamaza."

Gari lilikuwa limeegeshwa kilomita mbili tu kutoka pale. Dereva alimwonyesha Laurensia simu yake ya kazi. Taarifa ilimfikia saa nane na dakika arobaini na sita.

Kesho yake asubuhi Laurensia alikuwa Kibaha, pale Maili Moja, kwenye ofisi za kampuni inayopokea simu za dharura na kuwatuma madereva. Fundi wa mitambo, dada mwembamba aitwaye Elinipa, alimwingiza chumba cha seva.

"Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Hii ni kompyuta moja, Afande, lakini ndani tumeigawa kuwa nne. Tunaziita mashine pepe. Zote zinagombea nguvu ile ile, prosesa moja na memori moja. Sasa ile inayotuma magari tuliitengea fungu lake, nyingine haziruhusiwi kuligusa."

"Na jana?"

"Fungu liliondolewa. Mashine ya kamera na ya ripoti zikachukua kila kitu. Taarifa za magari zikakwama."

"Nani aliliondoa?"

Elinipa alitazama sakafu. "Imeandikwa akaunti ya Evodius. Saa nane na dakika mbili."

Evodius alikuwa fundi mwenzake. Alikuwa likizo kwa wazazi wake, kijiji cha Gwata. Laurensia alimkuta akipalilia mihogo, akamweleza yote pale pale shambani. Kijana aliweka jembe chini.

"Ni mimi," alisema.

"Uliingiaje?"

"Kwa simu."

"Akaunti ilifunguliwa kwenye kompyuta ya ofisini. Na saa nane ulikuwa kwenye kikao cha kijiji. Mwenyekiti amenionyesha saini yako."

"Andika ni mimi, Afande. Nakuomba."

"Nani mwingine anajua nywila yako?"

Machozi yalimtoka. "Tunaoana Desemba," alisema.

Laurensia hakumuuliza tena. Alirudi Maili Moja, akamkuta Elinipa ameketi na mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa. Kituoni hakuhitaji kubanwa.

"Kwa nini akaunti yake?"

"Kwa sababu yuko likizo. Nilidhani hakuna atakayemlaumu mtu ambaye hayupo. Nilidhani watasema ni hitilafu."

"Na kwa nini uliondoa fungu?"

"Mwezi wa tatu seva ilielemewa yenyewe. Mtoto wa miaka sita akafa akisubiri gari. Niliandika barua nne kuomba seva ya pili. Hakuna aliyejibu. Jana bodi ilikuwa inatembelea ofisi. Nilitaka skrini zigande mbele yao kwa dakika tano, waone kwa macho yao, kisha nirudishe."

"Hukurudisha."

"Ziliganda zote, hata skrini ninayoongozea mitambo. Kila nikibonyeza, haiitiki. Mpaka saa nane na dakika arobaini na tatu."

Laurensia aliweka kalamu mezani. "Elinipa. Madereva wana simu. Ungewaambia wapokeaji wawapigie kwa mkono."

"Ndiyo."

"Ulijua kuna mgonjwa?"

"Nilimsikia mpokeaji akimwambia mtu, gari linakuja. Ningesimama, wangeuliza nimejuaje kwamba taarifa zimekwama. Niliogopa. Nikaendelea kubonyeza. Nilitaka wengine wasife, Afande, halafu nikakaa pale."

Alisaini maelezo yake bila kuyasoma.

Jioni ile Laurensia aliendesha hadi Kisarawe. Mazishi yalikwisha kufanyika. Mwinyimadi alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imelala magotini.

"Ni binti mdogo?"

"Ana miaka ishirini na saba."

"Alikuwa anamjua mke wangu?"

"Hapana, mzee."

Mwinyimadi alitikisa kichwa polepole. "Basi mwambie aliitwa Swaumu. Mwambie alikuwa akianza kucheka, hata jirani wa mbali anajua yuko nyumbani."

Laurensia alifungua daftari, akayaandika yote mawili.