Siku Mala Ilipokatika kwa Jiko

Ninaishi Huruma, hapa Eldoret, na binti yangu Linah na mtoto wake Brigid. Brigid ana miaka mitatu. Linah anasafisha vyumba katika hoteli mjini. Anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mchana kutwa mtoto ni wangu.

Kila asubuhi nilipika chai. Sisi huweka kila kitu kwenye sufuria pamoja: maji, maziwa, majani na sukari. Brigid alikunywa kikombe na mkate. Saa nne alikunywa kikombe kingine. Mchana alikula matonge mawili ya ugali, akasukuma sahani. Akilia, nilimnunulia krisps za pakiti, au juisi ile ya rangi. Sikuona shida. Nilijiambia maziwa anakunywa, yamo ndani ya chai.

Mwezi wa sita nilimpeleka kliniki. Nesi Jepkosgei alimweka kwenye mizani, kisha akanionyesha kadi.

"Mama, mtoto ana kilo kumi na moja. Miezi mitatu iliyopita alikuwa na kilo hizo hizo."

"Lakini amekuwa mrefu, daktari. Viatu vimekataa kuingia."

"Urefu ndiyo. Uzito umesimama. Ona hii laini, ilikuwa inapanda, sasa imelala."

Alimpima, hakuona ugonjwa. Alimpa dawa ya minyoo. Aliniuliza mtoto anakula nini, nikamwambia bila kuficha. Akasema chai na krisps zinamjaza tumbo bila kumjenga. Turudi baada ya mwezi mmoja.

Jioni Linah aliisoma kadi akiwa bado amevaa koti.

"Mama, sikulaumu. Lakini kama mwezi ujao hajaongeza, nampeleka Bungoma kwa nyanya yake mwingine. Kule wana ng'ombe."

"Na mimi nibaki na nani?"

"Mama, tunaongea juu ya mtoto."

Brigid nimemlea tangu akiwa na miezi minne. Yeye huniita Kukhu, yaani nyanya, na hawezi kulala mchana bila kushika kidole changu.

Kesho yake nilikuwa nafua uani. Jirani yangu Nabwire akaja na beseni lake. Nabwire alipika miaka kumi na minne kwa familia moja ya Wahindi hapa mjini.

"Mama Linah, leo hata redio umezima. Ni nani amekufa?"

"Hakuna. Ni mimi nimehukumiwa." Nikamweleza yote.

Alisikiliza akikamua shuka. "Ile nyumba nilipikia, nyanya yao tuliita Ba. Nyama hakula, hata yai hakuonja. Na wajukuu wake mashavu yao yalikuwa kama mandazi."

"Walikuwa wanakula nini, hewa?"

"Dengu na maziwa. Lakini si haya maziwa yako ya kufichwa ndani ya majani ya chai."

"Chai yangu ina maziwa mengi, Nabwire."

"Ina maji mengi. Na majani ya chai yakiingia tumboni pamoja na chakula, yanazuia ile nguvu ya kuongeza damu. Mtoto mdogo hivi mwachishe chai. Acha kufua kwanza, nikufundishe."

Tulienda dukani tukanunua unga wa dengu, ule wa njano wa kupikia bhajia. Nabwire alianza na chila. Ni kama chapati ya maji. Alichukua kikombe kimoja cha unga, chumvi kidogo na binzari kidogo. Alitia kitunguu, dania, karoti iliyokwaruzwa na sukuma iliyokatwa ndogo sana. Aliongeza maji polepole huku akikoroga, mpaka ukawa mzito kama uji wa mtoto. Alipaka kikaango mafuta kidogo tu, akamwaga upawa mmoja, akatandaza. Ulipokauka juu, akageuza.

Brigid alikuwa mlangoni akinusa. "Kukhu, hiyo ni chapo?"

"Ni chapo ya njano," nikasema.

Alikula moja. Akaomba nyingine. Sukuma ambayo kila siku huitoa kwa ugali na vidole, hakuiona.

"Sasa lasi," Nabwire akasema. "Ni mala, yale maziwa ya kugandisha, iliyopigwa na ndizi mbivu. Maziwa chemsha kwanza mpaka yapande, hata kama aliyekuletea ni rafiki yako. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie. Tia kijiko kimoja cha mala nzuri, funika, funga sufuria na blanketi. Huku kwetu kuna baridi, bila blanketi haigandi. Asubuhi iko tayari. Unaponda ndizi, unatia mala, iliki kidogo ukitaka, unapiga na mwiko mpaka itoe povu. Sukari hapana, ndizi imetosha."

Maziwa nilinunua kwa Kimeli, anayeyaleta kwa pikipiki kutoka Kapseret. Nilichemsha, nikafunga, na asubuhi mala ilikuwa nzuri, nzito. Lakini nje kulikuwa na ukungu. Nikaishika ile sufuria. Baridi. Nikafikiria kifua cha mtoto. Mimi tangu nizaliwe najua kitu baridi huleta homa ya mapafu. Basi nikaiweka kwa jiko ipate moto kidogo, vile ninavyofanya chai.

Dakika chache, mala ikakatika. Mabonge meupe yakaenda huku, maji ya kijani kijani yakaenda huku. Nusu lita ya mtoto, na siku zinaenda. Nilikaa kwa stuli nikaitazama tu. Niliona Bungoma ndani ya ile sufuria.

Nilikuwa nabeba nimwage nje, Nabwire akatokea.

"Unapeleka wapi?"

"Usicheke. Nilitaka kuipasha moto."

Alichungulia. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Linah, Ba alikuwa akifanya hivi kwa makusudi. Hii inaitwa paniri, jibini ya Wahindi. Lete kitambaa safi."

Alichuja, akakamua, yakabaki mabonge laini meupe. Alitia chumvi kidogo, akanionjesha. Yalikuwa kama siagi isiyo na mafuta.

"Hii ponda, weka ndani ya chila, kunja. Na hayo maji usimwage, korogea unga wa dengu. Bado yana nguvu."

"Na baridi, Nabwire? Kifua?"

"Homa ya mapafu inaletwa na viini. Baridi si kiini. Lakini kama moyo wako unakataa, mpe lasi saa sita, jua likiwa limetoka, na usiitoe kwa friji. Jioni mpe maziwa moto yaliyochemshwa na binzari kidogo. Hivyo wewe na mtoto mtalala."

Nilifuata hivyo. Nilinawa mikono na sabuni kabla ya kupika, na nilichemsha maziwa kila mara. Asubuhi chila na maziwa. Saa nne ndizi au parachichi. Mchana chakula chetu sote, kisha lasi. Siku tatu za kwanza Brigid alililia chai yake. Alinigeuzia mgongo, akasema, "Kukhu mbaya." Siku ya nne alisahau. Wiki ya pili alianza kuomba chakula mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nimelisikia mwaka huo.

Siku ya kliniki Linah aliomba ruhusa kazini akaja nasi. Nesi Jepkosgei alimweka Brigid kwenye mizani. Nilitazama sakafu.

"Kilo kumi na moja na nusu," nesi akasema. Alichora nukta kwenye kadi, akaiunganisha na ya nyuma. Laini ilipanda. "Mama, umempa nini?"

Nikamwambia dengu, mala na paniri. Akaniuliza unga ni wa aina gani, akaandika. Akasema niendelee, na turudi tena mwezi ujao.

Nje ya lango Linah alisimama akiishika ile kadi.

"Nimeshampigia nyanya yake wa Bungoma," akasema.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba tutaenda Krismasi, sisi watatu. Siku mbili, kusalimia tu." Akamwinua Brigid begani, akaguna. "Mama, huyu mtoto sasa ni mzito. Mbebe wewe, ni kazi yako."

Nikambeba mpaka nyumbani.