Mizani wa Bibi

Kabla ya kuvaa sare ya shule, Mizani alikuwa na kazi zake za asubuhi. Alifagia zizi, akajaza maji horini, kisha akamsomea bibi yake daftari la mifugo huku Bibi akinywa chai taratibu, kana kwamba anasikiliza taarifa ya habari.

Mizani halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Bibi ndiye aliyembandika. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Aliweza kumtambua kila ng'ombe kwa mwendo wake, lakini mshale wa mizani na mistari ya daftari vilikuwa vimemkimbia kabisa. Ndipo mjukuu akawa macho yake. Mizani ya chuma ilining'inia ghalani, na Mizani wa miguu miwili alilala chumba cha pili.

Ng'ombe wa Bibi walikuwa wa aina ya Hereford, wekundu mwili mzima na weupe usoni, kama waliochovya nyuso kwenye ndoo ya unga wakasahau kujipangusa. Bibi alikuza madume ya mbegu. Wafugaji wenzake walimwamini kwa sababu kila ndama wake alikuwa na historia: mama yake ni nani, bibi yake ni nani, alizaliwa na uzito gani, na aliachishwa kunyonya akiwa na uzito gani. Ukoo mmoja alioupenda mno aliupa majina ya vitu vyeupe. Pamba alimzaa Sufi, na asubuhi moja Sufi akamzaa ndama dume ambaye Bibi alimwita Bafta.

Siku hiyo Tambo alikuwa ameegemea lango. Tambo ni mtoto wa shangazi yake Mizani, na jina hilo lilimkaa kama kofia. Mbuzi wa kwao walikuwa wakubwa kuliko mbuzi wote, na hata mvua ya kwao, ukimsikiliza, ilikuwa na maji mengi zaidi.

"Ndama wetu wa juzi alikuwa na kilo arobaini," alisema Tambo. "Hako kenu hata thelathini hakafiki."

Mizani aliisogelea mizani ya chuma. Bafta alikuwa amelazwa kwenye gunia, na Bibi alivuta kamba ya kapi mpaka ndama akaning'inia, miguu ikichungulia nje. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye thelathini na tatu.

"Soma, mwanangu," alisema Bibi.

Mizani alimtazama Tambo pale langoni.

"Arobaini na tatu," alisema, kwa sauti ya kufika mbali.

Tambo akanyamaza. Bibi alimshusha ndama polepole, akajishika kiuno.

"Arobaini na tatu? Basi mikono yangu nayo imezeeka. Nilidhani ni mwepesi." Aliguna. "Haya, andika."

Mizani akaandika. Alijisikia mrefu siku nzima. Uongo huo ulimfanyia nani ubaya? Ndama ni wao, daftari ni lao, na Tambo alistahili kunyamazishwa japo mara moja.

Bafta akakua. Aliachishwa kunyonya akiwa mzito kuliko wenzake wote wa mwaka ule. Alipokuwa dume kijana, alimfuata Mizani uwanjani na kumlamba mfuko wa shule. Mizani alimpenda waziwazi, na hakumficha mtu mapenzi hayo.

Mwaka uliofuata, mtaalamu wa chama cha wafugaji alikuja kuchagua madume ya kuandikishwa. Alikuwa mwanamke mwenye buti za mpira na sauti ya upole. Alimzunguka Bafta bila haraka, akamwinua kwato, akamwangalia anavyotembea.

"Nyinyi mnasema mtoto wa nyoka ni nyoka," alimwambia Mizani akitabasamu. "Mimi kwa ng'ombe nauliza mpaka nyanya yake nyoka."

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," Bibi alijibu kwa fahari. "Pamba alizaa kila mwaka hadi uzeeni."

Mtaalamu alionyesha rangi nyekundu iliyozunguka macho ya Bafta.

"Unaiona hii, binti? Uso mweupe hauna kinga ya jua, na jicho lisilo na duara jekundu huugua upesi. Huyu anayo pande zote mbili. Vizuri sana." Kisha akafungua daftari. Kidole chake kilishuka, kikasimama. Tabasamu likapungua.

"Mama, huyu alizaliwa na kilo arobaini na tatu?"

"Ndivyo ilivyosomwa."

"Pole sana, mama. Siwezi kumwandikisha. Wengi wanaomngoja dume huyu wana mitamba, ng'ombe ambao hawajazaa hata mara moja. Dume aliyezaliwa mkubwa hivi atawapa mimba za ndama wakubwa, na mtamba anaweza kufa akizaa. Sifa ya dume ni azaliwe mdogo, kisha akue upesi. Huyu ahasiwe tu, anenepeshwe, auzwe nyama."

Mtaalamu akaenda bombani kuosha buti. Mizani alibaki ameshika lango. Ile sifa aliyomwongezea Bafta ndiyo iliyokuwa inampeleka buchani. Alitaka kukimbia, alitaka ardhi ipasuke. Bafta naye, asiyejua lolote, alikuwa akimlamba mkono.

"Bibi," alisema. Machozi yalitangulia maneno. "Hazikuwa arobaini na tatu. Zilikuwa thelathini na tatu. Niliongeza kwa sababu ya Tambo."

Bibi hakukemea. Ingekuwa nafuu kama angekemea. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, mpaka mtaalamu aliporudi.

"Mtoto ana neno," alisema Bibi. "Sema, mwanangu. Sema yote."

Mizani akasema yote. Mtaalamu alimsikiliza kwa makini, kisha akapumua.

"Binti, nataka kukuamini. Lakini unampenda huyu dume, na leo ndiyo umeambiwa atachinjwa. Mtu yeyote angedhani umetunga sasa hivi ili umwokoe." Alifunua kurasa za daftari. "Na hizi nyingine? Zote umesoma wewe?"

Swali hilo lilimchoma Mizani kuliko kofi. Alijua kurasa zile zilikuwa za kweli, kila namba, lakini sasa alikuwa na nini cha kuapia?

"Hizi nyingine ni za kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Ila najua sina cha kukuonyesha."

Mtaalamu aliikata ile namba kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: haijulikani. Dume asiyejulikana uzito wake wa kuzaliwa hawezi kuuzwa kwa mbegu, alieleza, mpaka ndama wake mwenyewe waonekane.

"Basi waonekane hapa," alisema Bibi. "Atampanda mtamba wangu Hariri, wa ukoo mwingine."

"Mama, una mtamba mmoja tu. Na kama mtoto ameongopa tena?"

"Siku ile nilivuta kamba mimi mwenyewe. Mikono yangu iliniambia ndama ni mwepesi. Nikaisuta mikono, nikamwamini mjukuu." Bibi aliinuka. "Leo mikono na mjukuu wanasema kitu kimoja."

Hata hivyo, tangu siku hiyo jambo moja lilibadilika. Kila Mizani alipomaliza kusoma mizani, Bibi alisema kwa upole, "Tambo, hebu nawe uangalie." Tambo aliangalia, na cha ajabu hakutamba. Mizani aliinamisha uso tu. Alijua amejitakia mwenyewe.

Mimba ya Hariri ikakua. Mizani alimkatia majani mabichi, akamtandikia nyasi kavu, na kila alipomtazama tumboni aliogopa. Je, kama aliusoma mshale vibaya siku ile? Hariri angekufa, na Bibi angepoteza mtamba wake kwa sababu ya neno la mjukuu.

Hariri alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ya mapumziko. Bibi alikaa kando, mkono ubavuni mwake, akimsemesha kama anavyosemeshwa mzazi wa binadamu.  Zikatoka kwato mbili ndogo, kikafuata kipua cheupe, na kabla Tambo hajafika na maji ya moto, ndama jike alikuwa chini kwenye nyasi, amelowa, akipiga chafya. Hariri aligeuka, akaanza kumlamba.

Mizani alilia bila aibu.

Walimweka ndama guniani, Bibi akavuta kamba.

"Soma."

"Thelathini na moja." Mizani alipiga magoti, akamkagua ndama kichwani. Kisha kidole chake kikasimama. Mnunuzi yeyote angependa mtoto wa kwanza wa Bafta awe hana dosari, na Bibi asingeweza kuona. "Bibi," alisema, "jicho la kushoto halina duara jekundu. Ni jeupe tupu. La kulia ndilo lina rangi."

Tambo alikuwa tayari amesogea kuangalia mizani, kama desturi. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Usijisumbue, mwanangu. Imeshasomwa."

Akamvuta Mizani karibu, akampangusa machozi kwa ncha ya kanga.

"Nisikilizeni wote wawili. Sifa ya kuongezwa ni mzigo, na anayeubeba ni yule uliyemsifia. Bafta nusura aubebe mpaka buchani. Na ukweli ukichelewa, huja na mguu wa kilema, na watu hawaufungulii mlango. Lakini mtu anayeniambia ubaya wa kitu anachokipenda, huyo akiniambia uzuri wake nitamwamini nikiwa nimefumba macho." Akacheka kidogo. "Nami macho yangu, mnajua, ni kama yamefumbwa tayari. Haya, Mizani, andika. Uanze na lile jicho."