Wavu wa Njano

Siku za likizo, king'ora cha kiwanda cha biskuti kilipolia saa sita na nusu mchana, Chiriku alikuwa amekwisha kufika getini na chakula cha baba yake mkononi. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Lakini tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza, na jirani mmoja akambandika jina la yule ndege mwenye kelele. Likamganda.

"Umechelewa leo," mlinzi alimtania siku moja. "Baba yako ameshaanza kutafuna nati."

Chiriku alicheka, akapita kwenye kijia cha pembeni hadi karakana. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo. Siku hiyo alimkuta akisugua mikono kwa sabuni ya unga ili kutoa grisi. Nyuma ya mapipa ya mafuta palikuwa na kitu ambacho Chiriku hakuwahi kukiona pale: wavu wa chuma wa rangi ya njano, mpana kama mlango wa kabati.

"Baba, hiki nini?"

"Ni wavu wa mashine ya kusukuma unga. Unakaa mbele ya zile roli mbili za chuma, mkono wa mtu usije ukavutwa ndani. Ukiunyanyua, mashine inazimika yenyewe."

"Sasa mbona uko huku?"

Baba aliendelea kunawa. "Meneja ametaka ukae huku kwanza. Njoo tule."

Chiriku akala, akauliza mengine kumi, na wavu ukamtoka akilini.

Siku tisa baadaye shule zilikuwa zimefunguliwa. Asubuhi hiyo nafasi ya Kidoti, mwenzake wa dawati moja, ilikuwa tupu. Kidoti alikuwa msichana mpole mwenye alama nyeusi pembeni ya pua, na hakuwa mtu wa kukosa shule. Kabla ya mapumziko habari ilikuwa imeenea darasani. Mama yake, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kusukuma unga kwa miaka sita, alikuwa amevutwa mkono na roli. Alikuwa hospitalini. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekatika.

Chiriku alikumbuka karakana, akakumbuka mapipa ya mafuta. Siku hiyo nzima hakusema neno, hata mwalimu akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Kesho yake tangazo lilibandikwa kwenye geti la kiwanda. Lilisema ajali imesababishwa na uzembe wa mfanyakazi, aliyeng'oa wavu wa usalama ili amalize kazi mapema. Mama Kidoti akafukuzwa kazi akiwa bado kitandani hospitalini. Kiwanda kililipia matibabu ya siku ya kwanza tu, basi.

Kidoti aliporudi shuleni, watoto wengine walinong'ona juu yake. Mmoja akamwambia usoni kwamba mama yake alikuwa akipiga soga kazini. Walipobaki wawili darasani, Kidoti alimgeukia Chiriku.

"Baba yako ndiye fundi wa pale. Hajasema chochote nyumbani? Mama anaapa wavu haukuwepo."

Chiriku alikitazama kitabu kilichokuwa mbele yake. "Mimi sijui," alisema.

Jumamosi Chiriku alitumwa na mama yake ampelekee Mama Kidoti uji. Alimkuta amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa bendeji nene, akijaribu kufunga vifungo vya blauzi kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usinishangae, nimerudi darasa la kwanza. Najifunza kuvaa."

Alitabasamu, kisha tabasamu likafifia. Chiriku alimsaidia vifungo viwili vya juu.

"Maafisa wa usalama kazini walikuja kiwandani siku iliyofuata ajali wakakuta wavu umesharudishwa mahali pake," Mama Kidoti alisema taratibu, kama anayejisemea. "Wenzangu wanajua ukweli, lakini kila mmoja ana watoto wa kulisha. Siwalaumu. Sasa nimeambiwa mara nyingi kwamba niliung'oa mimi, mpaka siku nyingine najiuliza. Pengine kweli niliung'oa, nikasahau."

Chiriku aliaga kabla uji haujapoa. Njiani alilia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua ampelekee nani.

Jioni hiyo, wakiwa wamekaa kula, aliweka kijiko chini.

"Baba, wavu wa njano niliuona karakana kabla ya ajali."

Mama yake aliacha kutafuna. Baba alimtazama Chiriku. "Umemwambia nani?"

"Hakuna. Kidoti aliniuliza, nikamwambia sijui." "Baba, nimemdanganya. Na mama yake ameanza kuamini kwamba ni yeye. Siwezi kukaa tena naye dawati moja."

Baba alisukuma sahani pembeni.

"Niliutoa mimi," alisema. "Unga ukinasa, mfanyakazi hunyanyua wavu, mashine ikazimika, akasafisha, akaiwasha tena. Dakika mbili, tatu. Meneja alikuja karakana mara tatu na karatasi yake ya hesabu ya makatoni. Wakubwa wake walitaka biskuti nyingi zaidi kabla shule hazijafunguliwa, kwa mashine zilezile na watu walewale. Akasema dakika hizo ndizo zinazotula. Nilimwambia ni hatari. Akasema kama siwezi, mafundi wamejaa nje ya geti. Nikautoa. Nikafunga kwa waya swichi ya wavu ili mashine isizimike."

"Na tangazo lilipobandikwa?" Mama aliuliza.

"Nikanyamaza."

"Kwa ajili yetu?"

"Hivyo ndivyo nilivyojiambia."

Mama alimtazama Chiriku, kisha mumewe. "Huyu naye amenyamaza kwa ajili yako. Unaona alivyokonda kwa juma moja?"

Jumatatu Baba hakwenda kazini. Alivaa shati lake jeupe, akachukua daftari lake la matengenezo, ambamo aliandika kila kazi aliyoifanya pamoja na tarehe na jina la aliyeiagiza, akaenda ofisi ya ukaguzi wa usalama kazini. Kabla ya kufika huko alipitia kwa Mama Kidoti na kumwambia yote, mlangoni, amesimama. Mama Kidoti alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumtukana wala hakumkaribisha ndani. Alisema tu, "Kumbe sijachanganyikiwa."

Mambo hayakuwa mepesi baada ya hapo. Mkaguzi aliifunga mashine kwa wiki tatu, na wafanyakazi wakakaa nyumbani bila ujira. Wapo walioacha kumsalimia mama yake Chiriku sokoni. Baba alifukuzwa kazi, akaanza kuzunguka mitaani akitengeneza pampu za maji na mashine za kusaga. Naye pia alipewa onyo na mkaguzi, kwa kuwa mkono uliotoa wavu ulikuwa wake.

Lakini tangazo la getini lilibanduliwa. Kiwanda kiliamriwa kugharamia matibabu yote ya Mama Kidoti, kumlipa fidia na kumrudisha kwenye kazi nyingine, ya kukagua pakiti kabla hazijafungwa. Meneja aliondolewa. Wafanyakazi wakachagua watu wao watatu wenye haki ya kusimamisha mashine yoyote wakiona hatari, bila kumwomba mtu ruhusa.

Siku Mama Kidoti alipoanza kazi mpya, baba yake Chiriku alikuwa amekaa uani akifungua pampu ya jirani. Chiriku alimshikia bisibisi.

"Baba, wale wakubwa walitaka Mama Kidoti aumie?"

"Hapana. Hata hawamjui. Ndiyo ubaya wenyewe." Alifuta mikono, akamgeukia. "Sikiliza, mwanangu. Kiwanda lazima kipate faida, la sivyo kitafungwa na sote tutakosa kazi. Lakini mtu akitazama faida peke yake, wavu anauona kizuizi na mfanyakazi anamwona dakika. Anatoa agizo, mwingine anamwagiza mwingine, mpaka linafika kwa fundi kama mimi. Kila mmoja anasema ametumwa. Mimi nilikuwa wa mwisho. Ningekataa, vidole vile vingekuwepo mpaka leo. Ukikua utafanya kazi, pengine utawaongoza watu. Ukiambiwa utoe kitu kinachomlinda mwenzako ili kazi iende haraka, kataa siku hiyohiyo. Mimi nilisema ukweli, ndiyo, lakini niliusema nikiwa nimechelewa."

Chiriku alimrudishia bisibisi yake. Kidoti, aliyekwisha kumsamehe ule uongo wake, alikuwa akimwita nje ya ua, wakati wa shule umefika, naye akachukua mkoba wake akatoka mbio.