Gauni la Dada wa Mwanya

Gauni lilikuwa limetundikwa kabatini zaidi ya miaka miwili, mbali na bomba na mbali na dirisha, lakini Sindano alipolitoa Jumatatu ile saa nne asubuhi alikuta pindo lake limelowa. Alilikamua kidogo, akanusa vidole. Chumvi. Akamlaumu paka wa jirani, maana kila fundi lazima awe na wa kumsingizia, akalitandaza mezani na kuchukua wembe wa kufumulia.

Sindano ni jina alilopewa na mtaa, kwa kazi yake ya kushona na kwa ulimi wake, na vyote viwili vilikuwa vikali. Duka lake lilikuwa chumba kimoja alichoachiwa na baba yake: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, sanamu ya kuvalisha isiyo na kichwa, na lile kabati la nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Juu ya kabati alibandika maandishi: NGUO HAITOKI BILA KIPANDE. Kila oda iliandikwa kwenye kitabu, karatasi ikachanwa katikati. Mteja akaondoka na kipande chake, nusu nyingine ikabaki kitabuni. Kwa miaka kumi na tisa hakuivunja sheria hiyo hata mara moja. Sasa alikuwa anaivunja kwa ajili ya mapenzi.

Maana Sindano alikuwa ameolewa, miezi saba tu, akiwa na miaka arobaini na moja, baada ya mtaa mzima kukata tamaa kwa niaba yake. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mwenye sauti ya chini na kucha safi. Alikuja dukani mara ya kwanza na suruali ya kupunguza urefu, akasimama mbele ya lile kabati akauliza, "Na hizi zisizochukuliwa huwa unazifanyaje?" Sindano alidhani anatafuta la kuongea. Suruali yenyewe hakuipunguza mpaka leo. Walikuwa wanaitania, kwamba ndiyo mshenga wao.

Na sasa walikuwa wanapanga safari yao ya kwanza ya wawili, kwenda kisiwani. Boti ilikuwa iondoke Jumamosi saa nne asubuhi. Sindano alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo, na tangu tiketi zikatwe alikuwa na furaha ya kitoto. Jioni ile walikaa sebuleni na karatasi, wakiandika: siku tatu, kofia mbili, mafuta ya ngozi, dawa ya kichefuchefu.

"Na wewe kweli hujawahi kufika?" Sindano aliuliza.

"Sijawahi, mke wangu. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Haya, muongo wangu."

Mume alicheka, akaandika. "Tuchukue chumba cha nyuma. Vya mbele vina kelele, boti zinaanza kunguruma alfajiri."

Sindano akainua macho.

"Nimesikia kwa watu," mume akasema bila kuinua yake. "Halafu ile karatasi ya kuandika duka kwa majina yetu yote mawili, tuisaini kabla hatujaondoka. Na kuogelea, hujui kabisa?" Ilikuwa mara ya tatu kuuliza wiki ile.

"Mimi? Hata kwenye beseni nashika ukingo."

"Usiogope. Mimi nitakushika."

Maneno matamu, na Sindano aliyalalia usiku kucha.

Gauni alilolitoa kabatini lilikuwa la mteja aliyemwandika kitabuni kama Dada wa Mwanya, kwa ule mwanya wa meno ya mbele aliouonyesha kila akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Alileta kitambaa cha bluu chenye majani meupe, akataka gauni lake na shati la mwenzake. Mwenzake hakuja kupimwa. Dada alileta shati lake kuukuu la kupimia, maana alitaka kumshtukiza. "Tunakwenda kisiwani, fundi. Nataka tushuke kwenye boti tumefanana kama mapacha!"

Siku mbili kabla ya tarehe ya kuchukua, akapiga simu akihema. "Fundi, mwenzangu kawahisha safari, tunaondoka leo hii. Nitazifuata nikirudi. Usimpe mtu, hata akija na maneno matamu."

Hakurudi. Sindano alipiga namba ile mpaka ikaacha kuita.

Sasa kitambaa kilikuwa kizuri, safari ilikuwa ileile ya kisiwani, na miaka miwili ni mingi. Akajiambia mwenyewe kwamba dada wa watu keshasahau. Akalifumua gauni ubavuni, huku na huku, ili litoshe kiuno chake kilichonenepeshwa na ndoa, akaivisha ile sanamu.

Jumatano adhuhuri, jua likiwaka hadi kizingitini, Sindano alikuwa chumba cha nyuma akinywa maji aliposikia cherehani yake inakanyagwa. Ta-ta-ta-ta, taratibu, kama mtu anayejaribu. Alidhani ni mteja mtundu. "Wewe! Utanivunjia sindano!" Cherehani ikasita. Kisha ta-ta-ta tena, kwa kasi, na harufu ikaja chini ya pazia, harufu ya mwani uliotupwa ufukweni ukaoza, na alipolivuta pazia duka lilikuwa tupu na mlango umefungwa kwa ndani, kama alivyouacha mwenyewe akasahau, lakini kanyagio lilikuwa bado linapanda na kushuka lenyewe, likipunguza, likipunguza, mpaka likatulia, na chini ya sindano lilikuwa lile gauni, limevuliwa kwenye sanamu, na mbavu zake zote mbili zimeshonwa upya kwa kipimo cha zamani, na maji yakidondoka kutoka pindoni, tone baada ya tone, juu ya sakafu.

Alifunga duka saa nane mchana. Kwa kukimbia kwake alijikuta amefika nyumbani na lile shati la kiume, lililotundikwa pamoja na gauni, bado liko mkononi.

Mumewe alikuwa amewahi kurudi. "La nani hilo?" akasema, na kabla Sindano hajajibu keshalivaa, keshajitazama kwenye kioo. "Limenikaa! Umenipima lini?"

Lilimkaa kweli. Na hapo ndipo Sindano alipoyatazama mabega. Mume wake, kwa kuvunjika mkono utotoni, alikuwa na bega la kushoto lililoshuka na mkono wa kulia uliozidi mwenzake. Hakuna shati la dukani lililowahi kumkaa. Kila moja lilimpanda upande. Hili lililala mabegani kama limemwagwa.

"Nina macho," alijibu. "Livue, halina kifungo cha mwisho."

Kesho yake asubuhi alifungua daftari la vipimo la mwaka ule. Mwandiko wake mwenyewe: *Shati la mwenzake Dada wa Mwanya. Bega la kushoto chini nusu inchi. Mkono wa kulia zaidi, inchi moja.*

Alimwita Mkunga. Huyu alikuwa mama wa mtaa wa pili, aliyestaafu kuzalisha akaanza kutoa majini, na mwenyewe alisema kazi ni ileile, kutoa kisichotaka kutoka. Alikuja mchana, akaketi mbele ya gauni, akaomba glasi ya maji. Alionja, akatema.

"Umenitilia chumvi?"

"Maji ya bomba hayo, mama."

Mkunga akaweka glasi chini polepole. "Huyu ni jini wa baharini," alinong'ona. "Wako hivyo: wakimkuta mtu aliyekufa kwa dhuluma bila kaburi, wanambeba, na kisasi chake wanakibeba."

"Mtoe, mama. Nakuomba, mtoe."

Mkunga alifumba macho. Shingo yake ililegea, kidevu kikagusa kifua, na ilipotoka sauti, haikuwa ya mama wa miaka sabini. Ilikuwa nyembamba, changamfu, na Sindano aliijua.

"Fundi, mbona umenifumulia nguo yangu?"

Sindano alipiga magoti bila kujua. "Nisamehe, dada. Nilidhani hurudi."

"Nilimwambia sijui kuogelea." Sauti ilicheka kidogo. "Akasema usiogope, mimi nitakushika. Akanishika mpaka maji yakanifika shingoni, fundi, na ufukwe ulikuwa mtupu, na mimi namcheka nikidhani anatania, na yeye ananitazama usoni huku anavibandua vidole vyangu mkononi mwake, kimoja, kimoja, kimoja. Na ile nyumba yangu, mlango wa nyuma bado haufungi mpaka uuinue kwa goti? Bado unauinua, fundi?"

Sindano alikuwa ameuinua asubuhi ile. Mumewe alikuwa amemwambia nyumba ile wanamoishi aliachiwa na shangazi.

Mkunga alizinduka akikohoa, akajifuta mdomo, na kwenye kitambaa kukawa na mchanga mweupe. Akafunga mkoba wake.

"Hujamtoa," Sindano alinong'ona.

"Si wa kutoa huyo, mwanangu. Hajaja kwako kwa ubaya. Huyo ni mteja. Mmalizie kazi yake."

Sindano bado alitamani awe amekosea. Ndiyo ndoa, ndiyo miezi saba ya kuitwa mke wangu. Alirudi nyumbani wakati mume yuko kazini, akafungua sanduku la vifaa ambalo mumewe hakulibeba siku ile, akatoa koleo, akatoa mabomba ya shaba, na chini kabisa, ndani ya kopo la skrubu, akakuta kikaratasi kilichokunjwa, kigumu kwa chumvi. Kipande namba 214. Gauni moja, shati moja. Kingo zake zilizochanika zilikaa sawasawa na nusu iliyobaki kitabuni.

Alilia. Kwanza kwa aibu ya kujidanganya, akikumbuka swali lile la siku ya kwanza mbele ya kabati. Kisha machozi yakakauka, ikabaki hasira tupu, na hasira ikampa mkono mtulivu. Ijumaa nzima alishona. Alipiga pasi mbavu za gauni, akaimarisha mikono, akashona kifungo cha mwisho cha shati kwa uzi mara sita, kisichong'oka. Cherehani ilikimbia kwa ulaini. Harufu ya mwani ilimkaa begani kutwa, na hakuiogopa.

"Ile karatasi ya duka?" mume aliuliza jioni.

"Tutasaini tukirudi."

Mume alimtazama usoni. "Sawa," akasema, na akatabasamu. "Tukirudi."

Jumamosi gatini palikuwa na jua kali na watu wengi. Mume alikuwa amevaa shati la bluu, kila aliyepita akalisifia.

"Na wewe gauni lako mbona hujavaa?"

"Lingekunjika garini. Nakwenda kubadili hapo chooni. Wewe tangulia kupanda, utushikie viti."

Chooni alilitundika gauni kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani ya mfuko wake alitia vile vipande viwili vya namba 214, ameviunganisha kwa pini.

"Nguo yako hii, dada," alisema kwa sauti ya kazini. "Nisamehe kwa kukuchelewesha. Na shati keshavaa mwenyewe."

Maji yakaanza kutiririka kutoka chini ya mlango ule, ya chumvi, ya vuguvugu. Sindano akatoka kwa mlango wa upande wa barabara, akaenda kusimama nje ya uzio wa chuma unaotazama boti.

Alimwona mumewe kwenye sitaha, akitafuta kwa macho, kisha akichangamka na kupunga mkono, maana mwanamke wa gauni la bluu alikuwa anapanda daraja la boti kwa hatua za taratibu, kofia imemfunika uso, na nyuma yake kila ubao alioukanyaga ulibaki na alama ya mguu uliolowa, na mume akampokea, akampitishia mkono kiunoni, akamnong'oneza kitu sikioni akitabasamu, na tabasamu likaanza kumtoka polepole pale aliposhusha macho na kuviona vidole vilivyoshika mkono wake, vyeupe, vilivyovimba, vikijifunga kimoja, kimoja, kimoja, na mwanamke akainua uso akacheka, na hata kutoka kule uzioni, katika mwanga ule wa saa nne, Sindano aliuona mwanya.

Mume aligeuka kutazama nchi kavu. Akamwona Sindano, na nguo zake za nyumbani. Mdomo wake ukafunguka. Alijaribu kuvua shati, akavuta kifungo kwa mkono mmoja, na kifungo hakikutoka. Daraja likavutwa, honi ikalia, boti ikaondoka.

Sindano aliitazama mpaka ikatoweka. Hakumhurumia.

Mabaharia walisema wale mapacha wa bluu walishuka wameshikana mikono, wakaenda moja kwa moja ufukweni. Chumba cha nyuma kilichowekwa kwa majina yao hakikulaliwa.

Jumatatu Sindano alifungua duka. Aliitoa ile suruali iliyoletwa kupunguzwa siku ya kwanza, akaiandikia namba kitabuni kama ya mteja yeyote, akaitundika kabatini pamoja na nyingine.

Baada ya siku nne alilifungua kabati kutafuta kitambaa, akasikia tone likigonga mbao. Miguu yote miwili ya suruali ilikuwa imelowa hadi magotini. Alilikamua pindo, akanusa vidole.

Safari hii hakumsingizia paka.