Kiganja Ukutani

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi cherehani, naye si mtu wa kuzua maneno.

Chumba cha pili alihamia mwanamume asiyeitikia salamu. Kila shoga yangu alipokanyaga cherehani, ukutani kulianza: du, du, du. Akiacha, na kule kimya. Majirani wakasema mtu yule si bure. Shoga yangu akasogeza kitanda mbali na ukuta, na bado usingizi ukampaa.

Siku mama wa yule bwana alipoleta suruali ya kupunguzwa, shoga yangu akapiga moyo konde akamuuliza. Mama akacheka.

"Mwanangu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anaweka kiganja ukutani, anasikia cherehani yako kwa mkono, naye anaitikia. Ndiyo salamu yake hiyo."

Hofu ikamtoka, haya ikamwingia. Tangu hapo wakawa wanapungiana mikono mlangoni.

Kisha cherehani ikaharibika, akaipeleka kwa fundi. Jioni, umeme umekatika, akaenda kumwambia yule mama kwamba suruali itachelewa. Mama hakuwepo. Mwanawe alikuwa gizani, kiganja kimoja ukutani, kingine kikigonga: du, du, du.

"Masikini," akawaza, "mazoea yana taabu." Akaweka kiganja chake kando ya kile.

Ukuta ulikuwa ukitetemeka. Ukatulia kidogo, kama anavyotulia shoga yangu akilamba uzi, kisha ukaendelea.

Hakupiga yowe. Hata mkono hakuutoa. Jirani alitabasamu tu, akasogea kumpa nafasi.