Aliyeshika Utepe Igogo

Jua lilikuwa linazama Dorotea alipoupanda mlima wa Igogo, kitabu cha vipimo kwapani. Mwaka ule wa 1996 nyumba zilikuwa zinakwea miamba kama mbuzi, na yeye, afisa mipango miji mwenye miezi minane tu kazini, ndiye aliyechora barabara ya kupita huko juu. Aliichora mezani, kwa rula, juu ya picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Vidoa vitatu vya nyasi kando ya nyumba ya Bibi Ng'washi alidhani ni mabanda ya kuku.

Vilikuwa vijumba vya mizimu. Barabara yake iliwapitia wote, mizimu na bibi. Katapila lilikuwa linakuja asubuhi.

"Tukipata mita sita kati ya ukuta wa bibi na mwamba ule," alimwambia Mzee Shimba, mshika utepe, "barabara itapita huko. Nyumba itabaki."

"Na tusipozipata?"

"Tutazipata, mzee wangu."

"Haya. Ninyi wa chuo kikuu hata mwamba mnaubembeleza ukasogea."

Bibi Ng'washi alikuwa mlangoni, juu ya kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ulipowachora hukuwaomba ruhusa. Leo je, umewaomba?"

Dorotea alitabasamu tu. Mwanga ulikuwa unakwisha. Alitundika pete ya utepe kwenye msumari ukutani; Shimba akaondoka na kasha la utepe, akapotelea nyuma ya mwamba.

Kazi ile ina mazoea yake. Mwenye kasha husoma, mwenye kitabu huandika. Haulizi.

Utepe ukakaza.

"Tayari?"

"Tayari…"

Sauti nzito, kama ya mtu mwenye ugoro puani.

"Soma!"

"Sita… nukta… nne."

Moyo ulimruka kwa furaha. Aliandika, akapigia mstari mara mbili.

Utepe ukalegea. Ukakaza tena, chini chini, ukiburuzwa majanini. Kriii… kriii… Harufu ya ugoro ikamfikia, pamoja na udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Moja… nukta… tano mbili."

Akaandika.

"Moja… nukta… saba moja."

Mkono ulikuwa umeshaandika ndipo kichwa kikashtuka.

"Mzee Shimba, unapima nini tena?"

Aliufuata utepe.

Nyuma ya mwamba alikuta kasha limelala chini.

Hapakuwa na mtu.

Alimkuta Shimba mbali chini, kwenye kibanda cha soda.

"Kuna mwanamume alikuwa amekaa pale, binti. Akaninyooshea mkono nimpe kasha. Nikampa."

"Amekaa wapi?"

"Ndani ya kijumba. Kile kisichomtosha hata mtoto…"

Asubuhi mkuu wake alipima mwenyewe, mbele ya umati. Mita tatu nukta tisa.

"Hii sita yako uliiota?"

Katapila likaunguruma. Vijumba vilikwenda kwanza, kisha nyumba. Bibi Ng'washi alikaa kando juu ya kigoda chake, macho makavu. Jioni majirani walipokwenda kumwinua, alikuwa ameshapoa.

Wachimba kaburi walitaka kipimo. Shimba akaunyoosha utepe juu ya mkeka, ubavuni mwa maiti.

"Moja nukta tano mbili," akasoma.

Kwa mazoea Dorotea alikuwa amefungua kitabu aandike. Namba ilikuwamo tayari, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Shimba aliiona namba ile kitabuni. Akamsogelea.

"Jana kuna kipimo kingine kilichosomwa?" alinong'ona.

Dorotea aliitazama namba iliyofuata, moja nukta saba moja. Alipokwenda jeshini, JKT, sajini alimsimamisha ukutani, akampima, akaandika kwenye kadi yake: mita moja, sentimita sabini na moja.

Akafunga kitabu.

"Hakuna, mzee."

Utepe ulikuwa bado umelala mkekani, umelegea, hakuna aliyeugusa.

Taratibu, ukakaza.