Hodi Iliyozidi Kiasi

"Asiyejibiwa na kliniki, ajue jicho la mwanawe halitibiki tena." Maneno hayo niliyasikia bombani, kwenye foleni ya maji, na hayakunitoka. Nilifua nayo, nikapika nayo, nikalala nayo.

Kitinda mimba wangu alikuwa na mtoto wa jicho. Kliniki ilitangaza kwamba daktari bingwa angekuja Ijumaa, na wazazi watume picha za macho ya watoto kwa barua pepe ili wachaguliwe watakaopasuliwa. Mimi niliishia shule ya msingi, mambo ya barua pepe siyajui. Kazi nikampa dada yake wa miaka kumi na miwili, tunayemwita Vidole kwa jinsi anavyoichapa simu.

Kila jioni nilimwuliza, "Wamejibu?"

"Bado, mama."

"Umeandika vizuri?"

"Herufi kubwa tupu, ili wasikie! Na alama za mshangao nimezimwaga."

"Basi tuma tena."

Akatuma, akatuma tena. Kimya. Alhamisi asubuhi mdogo wake alimimina maji pembeni mwa kikombe, akacheka akidhani kikombe kimemkimbia. Mimi sikucheka. Nikawashika mikono wote wawili, tukaenda kliniki.

Mhudumu wa mapokezi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alitazama kompyuta yake. "Mtoto huyu simwoni humu."

Vidole akaangua kilio. "Nimetuma, shangazi! Haki ya Mungu nimetuma!"

"Kwa anwani ya nani?"

"Ya mjomba. Anauza viatu. Huwatumia matangazo hata watu asiowajua."

"Ahaa!" Mhudumu akafungua kisanduku cha barua taka. Barua zetu zote zilikuwa humo, zimepangana: HARAKA!!!!!! FUNGUA SASA!!!!!! Ndani picha tu, bila salamu wala jina.

"Binti yangu," akasema, "kompyuta ina bawabu wake. Hajui shida ya mtu, anatazama sura ya barua tu. Waliochoshwa na viatu vya mjomba wako wameshaishtaki anwani yake. Nawe ukaja na anwani hiyohiyo, unapiga kelele kama tapeli, tena mfululizo. Hodi ni mara tatu. Ukizidisha, hata mwenye haja huonekana mwizi."

Nikauliza, "Kwa hiyo jicho halitibiki?"

"Nani kasema? Daktari hajaiona picha hata moja!" Akaituma kwake palepale. Tukakaa kwenye benchi, nami sikuthubutu hata kukohoa. Baadaye akatuita. "Mleteni kesho alfajiri. Asile kitu."

"Hata chai?" akauliza mgonjwa wetu.

"Hata chai, bwana mkubwa."

Alipasuliwa Ijumaa hiyo, na leo anakaa dawati la nyuma na ubao anausoma. Lakini ninyi watoto mnaosoma haya, msingoje hofu kama ile iwafike. Mkiandika barua ya maana, epukeni:

Kuazima anwani ya mtu anayesumbua watu kwa matangazo.

Herufi kubwa tupu na mvua ya alama za mshangao.

Kutuma picha peke yake, bila salamu, jina wala maelezo.

Kurudia barua ileile bila kupumua.

Kungoja jibu tu, wakati mlango wa ofisi uko wazi na miguu mnayo.

Na maneno ya bombani. Bombani chukueni maji.